Neno la Siri Lililosemwa Mara Tatu

Aliyetuletea haya yote ni Boakye, mpiga picha wa mtaa wa Suame hapa Kumasi, na kosa lake lilikuwa moja tu: alikufa bila kumwambia mtu namba za kufungulia simu yake.

Msiba wenyewe ulifana. Viti vilijaa mpaka barabarani, spika zilinguruma tangu asubuhi, na sisi wanawake tulivaa nyekundu na nyeusi tukapendeza kuliko siku ya harusi. Lakini bango, Mungu wangu! Mtu aliyepiga picha nusu ya Kumasi, bango lake la msiba likabeba picha ya kitambulisho cha mpiga kura, jicho moja wazi, la pili limesinzia. Wanawe walijaribu kuifungua simu kwa kubahatisha, mara tarehe ya kuzaliwa, mara namba ya nyumba, mpaka simu ikawachoka, ikajifunga moja kwa moja. Picha zote nzuri zilikuwa humo ndani, zake na za wateja wake.

Kaka yangu Yiadom alisimama mbele ya lile bango mpaka nikamvuta mkono. Naye ni mpiga picha, ana studio yake Bantama tangu mwaka themanini na moja, na Boakye alikuwa mpinzani wake wa miaka yote.

"Pinamang," akaniambia, "hawa watoto wamemzika baba yao pamoja na watu elfu kumi."

"Watu gani tena? Nimeona jeneza moja tu."

"Waliomo kwenye picha, wewe mwanamke!"

Siku ile alikataa kula fufu. Nimemjua Yiadom miaka sitini na sita, sijawahi kumwona akikataa fufu, hata alipofiwa na mkewe Boatemaa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Ngoja niwaeleze kilichokuwa kinamnyima raha. Picha za kaka yangu haziko kwenye simu tu. Ziko mtandaoni, kwenye akaunti, zaidi ya elfu kumi na moja, na aliyezipandisha huko ni binti yake Ohenewaa, mwalimu wa hesabu kule Kwadaso. Kila Jumamosi kwa miaka sita yule msichana alikuja studio, akazitoa negativu za filamu kwenye maboksi ya viatu, akazifuta vumbi, akazipitisha kwenye mashine moja moja. Na hakuishia hapo. Alizunguka na picha kwa wazee akiuliza, huyu nani, na huyu aliyeshika mwavuli ni mtoto wa nani, mpaka kila uso ukapata jina. Sasa mtu akiwa Hamburg huko, mama yake kafa, hana hata picha moja, anaandika ujumbe na kesho yake anamwona mama yake akiwa na miaka ishirini, kashika pochi, anacheka. Nimeona watu wazima wakilia kwenye simu kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo swali lilikuwa, Yiadom akifa, nani anabaki na ufunguo wa akaunti hiyo? Na hapo ndipo mimi ninapoingia, na sitajifanya malaika.

Sisi ni Waasante. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ohenewaa ni wa ukoo wa marehemu Boatemaa, si wetu, hata kama ana pua ya kaka yangu iliyobandikwa usoni kama muhuri. Mrithi wa mwanamume kwetu ni mtoto wa dada yake. Dada ni mimi. Mtoto ni Gyamerah wangu, ana miaka arobaini na miwili, anauza matairi Suame, ana sauti ya kuita gari lililo mtaa wa pili. Je, Gyamerah anajua lolote kuhusu picha? Hajui. Lakini haki ni haki, na mimi nilitaka kitu cha kaka yangu kibaki kwetu. Nilitaka sana, nasema wazi. Tangu nyumba ya mama yetu ibomolewe kupisha barabara, ukoo wetu hauna kitu cha kuonyesha watu zaidi ya zile picha.

Yiadom akaniomba nimsindikize kwa wakili. Wakili mwenyewe mwanamke kijana, anaitwa Konadu, miwani mikubwa, subira kubwa zaidi. Akamweleza polepole: akaunti ni mali kama mali nyingine, iandikwe kwenye wosia ijulikane ipo na inaenda kwa nani. Kwenye akaunti yenyewe kuna mahali pa kumtaja mtu atakayeishika mwenye akaunti akifa. Halafu akanyoosha kidole.

"Ila mzee, neno la siri lisiandikwe kwenye wosia kabisa. Wosia husomwa mbele ya watu."

"Lisiandikwe," kaka yangu akarudia.

"Kamwe."

Akamshukuru, tukatoka. Kwenye ngazi alikuwa anatabasamu peke yake.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Yule binti ana akili. Amesema mwenyewe, lisiandikwe. Nami siku zote nimesema, makaratasi ni uongo. Hili jambo litafanywa kama walivyofanya wazee wetu. Nitaita ukoo, niweke kinywaji, niliseme kwa mdomo wangu mbele ya mashahidi."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaitikia, "Hapo umenena."

Jumapili hiyo wakaja watu thelathini na wanne. Mkuu wa ukoo wetu, Nana Dwumfour, alikaa katikati na kitambaa chake begani. Mzee huyo, Nana tunamwita kwa heshima, ana miaka themanini na mitano na sikio moja tu linalofanya kazi, na hata hilo linafanya kazi likipenda. Pembeni yake alikaa Agyeman, msemaji wake, maana mtu hamrushii Nana maneno usoni hivi hivi; unamwambia msemaji, msemaji anayapamba, anayafikisha.

Kinywaji kikamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Yiadom akasimama.

"Agyeman, mwambie Nana: kamera zangu, mashine, na jina la studio, nampa Gyamerah mpwa wangu."

Nikaketi vizuri kwenye kiti. Sasa!

"Lakini zile picha zilizoko mtandaoni, nampa binti yangu Ohenewaa."

Wee! Pakachafuka. Binamu yetu Foriwaa akapiga makofi ya mshangao, wengine wakaguna, na Gyamerah akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeuziwa tairi lililotobolewa. Ohenewaa alikaa kwenye kona na mkoba wake magotini, macho chini.

Nana akainua mkono. "Shamba tunapelekwa tukaone mipaka. Nyumba tunaonyeshwa ufunguo. Hicho kitu chako kiko wapi? Ukoo utashuhudia vipi kitu ambacho haujakiona?"

"Kina ufunguo, Nana. Ni neno."

"Basi tulisikie."

Ohenewaa akaruka. "Baba, hapana! Baba, usi..."

"Nyamaza mwanangu, wazee wanaongea." Kaka yangu akakohoa, akajinyoosha, na akalitamka neno la siri: "Boatemaa usinune, sabini na tisa. B ni kubwa."

"Sikusikia," akasema Nana.

"Boatemaa usinune! Sabini na tisa!"

Agyeman, msemaji, kazi ni kazi, akasimama na fimbo yake. "Nana, anasema hivi: yule mwanamke mzuri, binti wa watu, aliyemwoa mwaka wa sabini na tisa, alikuwa na tabia ya kununa, naye anamsihi asinune. Boatemaa usinune, yote pamoja bila nafasi, kisha saba, kisha tisa. Na B isimame wima kwa heshima."

Mara tatu hiyo. Nilimwona Foriwaa akiandika kwenye kiganja.

Ohenewaa alijifunika uso. Sijui alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote. Kwa desturi alitakiwa aje na chupa yake ya shukrani, Nana akiipokea basi zawadi imefungwa, hakuna wa kuirudisha. Chupa alikuwa nayo mkobani. Lakini kabla hajaitoa mimi nikasimama.

"Nana, mimi dada yake sikubali. Studio hiyo ilijengwa kwenye kiwanja cha mama yetu. Kilichotoka humo ni cha ukoo."

Kaka yangu akaniangalia. Sikuwahi kumpinga mbele za watu. Nilijisikia vibaya, lakini sikukaa chini. Nana akasema jambo lisubiri Jumapili nyingine.

Loo, wiki ile! Watu thelathini na wanne, kila mmoja na simu yake. Jumatatu Foriwaa aliingia akafuta picha zake zote za mwaka wa tisini, anasema kamera ilimnenepesha. Jumanne mtu wa Obuasi akamkata mke wake wa kwanza kwenye picha ya harusi, ukabaki mkono wa mke tu begani kwake. Jumatano ikatokea picha ya mbuzi anayeuzwa. Yiadom akawa anapiga simu huku na huko, "Jamani, nani kaweka mbuzi?" na kila mtu anamwapia hamjui huyo mbuzi.

Ijumaa adhuhuri akaunti ikajifunga. Imeingiwa na watu wengi mno, ikasema, na sasa haimwamini mtu. Itatuma tarakimu sita kwenye namba ya simu iliyoandikishwa siku ya kwanza. Zisipotumika kwa saa moja, basi, kuirudisha ni kuomba na kungoja, na huenda isirudi kamwe.

Siku ya kwanza ilikuwa miaka mingi nyuma, Yiadom hana simu ya maana. Aliandikisha ya dada yake.

Nilikuwa kwenye duka la Gyamerah, nimemletea chakula, simu yangu ikalia. Tarakimu sita. Kabla sijaisoma vizuri, kaka yangu akapiga.

"Pinamang, umepata namba? Tafadhali nisomee."

Nami nikasema, "Namba gani?"

Sijui ilitokea wapi. Ilitoka tu mdomoni.

"Dada yangu, usinifanyie hivyo. Miaka sita ya mtoto iko humo. Watu wote wako humo. Boatemaa yuko humo."

"Redioni wanasema usimpe mtu namba. Ngoja nitazame." Nikakata.

Gyamerah alikuwa ameshanisogelea, mikono myeusi kwa mpira. "Mama, ni ile namba?"

"Ndiyo."

"Tukiingia sisi, tunaweka neno letu, mchezo umekwisha. Hakuna kikao wala nini."

Nikampa simu. Nimesema sitajifanya malaika. Akaandika zile tarakimu, ikamtaka neno jipya, akaweka lake, na hilo siwatajii, nimeshajifunza. Mlango ukafunguka. Picha elfu kumi na moja zikawa zetu.

Tukaanza kutazama kama watoto. Tukamwona Nana Dwumfour na nywele za duara kama kofia ya pikipiki, suruali pana chini, viatu vya kisigino. Gyamerah alicheka mpaka mteja akaingia kuuliza kuna nini. Tukamwona mama yetu mlangoni mwa ile nyumba iliyobomolewa. Chini ya kila picha Ohenewaa ameandika majina, na jina la utani, na nani kamweleza.

"Hapa kuna nyingine zimefungiwa peke yake," Gyamerah akasema. "Zimeandikwa: Hizi zisionyeshwe."

"Fungua," nikasema. Ningefanya nini? Macho yalikuwa yananiwasha.

Zilikuwa kama arobaini. Kwenye kila moja, sababu. *Bibi huyu aliomba isionekane, mumewe hajui. Kaka hawa waligombana, mpaka wapatane. Msichana huyu sasa ni mke wa mchungaji.* Nikaanza kuona aibu, kama mtu aliyeingia chumba cha watu wakivaa. Halafu Gyamerah akasimama kwenye moja, kidole hakisogei.

Mwanamke kakaa kwenye kigogo mbele ya studio, na mtoto mapajani. Mwanamke ni mifupa. Mabega kama kining'inizo cha nguo, na ile mifupa ya shingo imetoka nje, ile ambayo mwaka ule wa njaa tuliiita mkufu, tukicheka, maana kila mtu alikuwa ameuvaa. Nilimwambia Yiadom aichome picha ile. Aliniambia ameichoma.

Chini yake Ohenewaa ameandika: *Shangazi Pinamang na Gyamerah, 1983. Shangazi hataki ionekane. Siku Gyamerah akitaka kuiona, aonyeshwe na mama yake mwenyewe, si mtu mwingine.*

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ndiye."

Akaivuta karibu, akaitazama sana. "Na huyu ni mimi? Mbona mimi nimenona hivi? Tazama mashavu."

"Sasa ulitaka tunone wote wawili? Chakula kilikuwa cha mtu mmoja."

Akaenda akanawa mikono, akarudi, akakaa kwenye tairi karibu na miguu yangu.

"Mama," akasema, "mimi ningeionyesha. Zile zote arobaini. Leo hii ningeshamwonyesha fundi wa jirani, tukacheka."

"Najua. Hata mimi ningemwonyesha Foriwaa."

"Dada Ohenewaa ameijua picha hii miaka mingapi?"

Nikahesabu. Miaka mitano, sita. Tumekula naye sikukuu zote, nimemsema mara ngapi kwamba yeye si wa kwetu, kasikia, kakaa kimya, anajua nilivyokuwa na hajamwambia mtu, hata huyu aliyekuwa mapajani mwangu. Niliona haya mchana kweupe. Nikampigia kaka yangu nikamwambia akaunti ipo salama, aje Jumapili na roho yake imetulia. Alinishukuru mno, nikakata simu haraka kabla sijaanza kulia dukani mwa watu.

Jumapili wakarudi wote thelathini na wanne, na macho ya aibu, hasa mwenye mbuzi. Nana akauliza kama dada bado anapinga.

"Agyeman, mwambie Nana: ufunguo ninao mimi. Nimeupata kwa mlango wa nyuma, na ninaurudisha mbele ya watu. Ninampa yule ambaye kaka yangu alimtaja."

Nikavuka uwanja, nikainama kwenye sikio la Ohenewaa, nikamnong'oneza neno. Akaitikia kwa kichwa.

"Hatukusikia!" akasema Nana.

"Ndiyo, Nana. Ndivyo inavyotakiwa. Mmeniona nikimpa?"

"Tumeona."

"Mmemwona akipokea?"

"Tumeona."

"Basi mashahidi mmeshuhudia. Mengine hayawahusu."

Agyeman akasimama kuyapamba, akakuta hana cha kupamba, akaketi. Watu wakaangua kicheko, na Nana akacheka kuliko wote, huku sikio lake bovu akilishika. Ohenewaa akatoa simu, akageukia ukutani, akabadilisha neno palepale na namba ya simu pia.

"Umeweka nini sasa?" kaka yangu akamuuliza.

"Baba, lako nitakupa nyumbani. Tukiwa wawili. Kwenye chumba. Na dirisha limefungwa."

"Tena kesho mnaenda wote kwa Konadu," nikasema, "iandikwe kwenye karatasi nani anapewa. Neno lisiandikwe. Na wewe Yiadom, lisisemwe!"

Ohenewaa akatoa chupa ya shukrani, akapiga magoti, akaiweka mbele ya Nana. Nana hakuigusa kwanza. Alimtazama Gyamerah, maana mrithi kwa mila ni yeye, na akikataa, hakuna zawadi.

Gyamerah akasimama. Nilijua atakubali, lakini sikujua atasema nini.

"Nakubali," akasema kwa ile sauti yake, ikasikika mpaka kwa jirani. "Ila namwomba dada yangu picha moja."

"Ipi?" wakauliza watu.

Akanitazama mimi. Ohenewaa naye akanitazama. Hapo akajua tumeingia wapi, na hata hapo hakufungua mdomo. Miaka arobaini na zaidi nimeificha picha ile. Nikaona ukoo wote unanisubiri.

"Ile niliyokonda," nikasema. "Mpe mwanangu. Na Foriwaa mwonyeshe pia, aone mtu akikonda anavyokuwa."